UZI: Makumbusho ya Bujora yalivyokua mikononi mwa wazee wetu, na deni tulilonalo wajukuu

Mwana-Magu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wasukuma wenzangu, mwadila.

Uzi huu nimeuweka kiporo tangu Juni. Nilikwenda Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma, nikakaa Bujora siku mbili, na tangu nirudi huku Ifakara ninakoishi moyo haujatulia. Mnivumilie, utakuwa mrefu.

Kwa asiyepajua: ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, kama kilomita 20 hivi unafika Kisesa, wilaya ya Magu. Unashuka hapo, unachukua bodaboda, unapita kwenye mawe yale makubwa ya kwetu mpaka parokia ya Bujora. Makumbusho ya Wasukuma yako hapo hapo, kwenye uwanja mmoja na kanisa. Hayakujengwa na serikali wala si tawi la Makumbusho ya Taifa. Yalianzishwa na padre mmoja pamoja na kundi la wazee wa kawaida kabisa, wengi wao wakulima na wafugaji.

Padre mwenyewe ni David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Quebec, Kanada. Wazee walimpa jina la Fumbuka, na mpaka leo ukisema Fumbuka pale Kisesa hakuna anayekuuliza ni nani. Parokia ilianza miaka ya 1950. Kumbukeni hali ya wakati ule: Misa ni ya Kilatini, na ngoma kwa wamisionari wengi ilikuwa kitu cha kuachwa nje ya mlango pamoja na hirizi. Yeye aliiingiza ndani. Kanisa lilijengwa la mviringo kama msonge, altare ikachukua umbo la kiti cha ntemi (chifu wetu), tabenakulo ikawa kama nyumba ya ntemi yenye ngao na mikuki yake. Hayo yote kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) haujaruhusu mambo ya namna hiyo.

Lakini nisije nikampa padre sifa zote. Alichofanya cha maana zaidi ni kukubali kwamba yeye hajui, akawaita wanaojua. Ikaundwa Kamati ya Utafiti wa Utamaduni. Kazi yao haikuwa kukusanya vitu, ilikuwa kukusanya maneno: methali, mafumbo, nyimbo, hadithi, desturi za kuzaliwa na kuzika, maombi waliyosali mababu kabla ya dini hizi mbili. Mzee anakaa, anaeleza, mwingine anaandika, mwingine anasema "hapana, kwetu haisemwi hivyo", wanabishana, wanaandika tena. Sehemu ya kazi hiyo ilikuja kuchapwa kitabu. Nyingine ilibaki kwenye karatasi na vichwani mwa watu.

Vitu vilikuja baadaye, na hapa ndipo historia inapokuwa nzito. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa kisheria nchi nzima. Fikiria uko kwenye ikulu ya ntemi mmoja huko Usukuma. (Neno lenyewe "Ikulu" tunalotumia kwa nyumba ya Rais lilitoka huku, kwa Wanyamwezi na Wasukuma.) Jana ulikuwa na ngoma ya utemi ambayo haipigwi ovyo, una kigoda, una mikuki, una kibangwa cha kuvaa kwenye paji la uso. Leo hivyo vyote havina kazi. Unavipeleka wapi? Kuviuza ni aibu, kuvichoma ni laana, na kuviacha ndani ni kuwalisha mchwa. Baadhi ya familia za watemi zikavileta Bujora, na mwaka 1968 makumbusho yakafunguliwa.

Banda la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kigoda cha mtemi. Unaingia, unazikuta zimepangwa, nyingine kubwa kupita kifua cha mtu mzima. Nilisogea karibu na moja. Ngozi imefungwa kwa kamba za ngozi zilizosukwa kushuka hadi chini, na kwenye ukingo, pale mikono ilipokuwa ikipita, mti umelainika na kung'aa kama mpini wa jembe la zamani. Na hizi ngoma hazijafungiwa. Sikukuu za kanisa zinapigwa, akija mgeni wa serikali zinapigwa.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Nitaendelea, chai kwanza.

---

Mwana-Magu

Naendelea.

Ukitoka kwenye ngoma kuna nyumba ya Kisukuma kama walivyoishi wazee, kuna sehemu ya mhunzi na mivuo yake, kuna nyumba ya mganga, kuna nyumba ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Sitazieleza zote, nendeni mkaone.

Ila kuna kitu kimoja kidogo nisipokisema nitakuwa nimewadhulumu. Ni pipa lililosimama, linalozunguka ukilisukuma kwa mkono, limeandikwa hesabu za moja hadi kumi. Unajua hesabu yetu ya kawaida, imo, ibili, idatu, inne, itano. Sasa kumbe kila rika lilikuwa na hesabu yake! Vijana wa rika moja wana maneno yao ya kuhesabu ambayo mtoto hayajui, ni kama lugha ya siri, ukiijua unaonekana umekwisha kuingia. Nilisimama pale nikalizungusha pipa lile taratibu. Mimi ni Msukuma, baba Msukuma, mama Msukuma, nina miaka 41, na hesabu ya kawaida tu ndiyo niliyokuwa naijua.

Kamati ile ya wazee isingeandika, maneno hayo leo yasingekuwepo popote. Huwezi kuyachimba ardhini kama chungu.

Sasa langu la nyumbani. Babu yangu alikuwa na kigoda cha miguu mitatu, cheusi, alikirithi kwa baba yake. Alipofariki tulikuwa matanga, watu wengi, mvua, kuni zimelowa. Asubuhi ya siku ya tatu nikaona mguu wa kile kigoda kwenye majivu. Aliyekipasua hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anachemshia waombolezaji uji. Hakujua ni nini. Na mimi niliyekuwa nimesoma mpaka chuo sikuwa nimewahi kumuuliza babu hata mara moja kile kigoda kilitoka wapi, kwa hiyo hata kama kingepona, ningekuwa na kigoda tu.

Hoja yangu ni hiyo, wakuu. Bujora ilikua kwa sababu ilianza na maneno ndipo vikaja vitu. Mkoani kwako, wilayani kwako, wanaanzia wapi?

---

Mwalimu wa Historia

Mkuu uzi mzuri sana. Nikupe ushahidi wa upande wa pili.

Nilipeleka wanafunzi wa kidato cha pili kwenye makumbusho moja, sitayataja. Kulikuwa na ngoma kubwa kwenye kabati la kioo. Karatasi iliyobandikwa imeandikwa "NGOMA". Mwanafunzi wangu mmoja wa kike akauliza: ya nani, inapigwa lini, nani haruhusiwi kuigusa? Muongoza wageni, kijana mstaarabu tu, akasema hayo hayakuandikwa wakati inaletwa. Binti akafunga daftari.

Ngoma ilikuwa nzima, kioo kisafi, hata mchwa hakuna. Tulikaa pale dakika tano tukaondoka.

---

Mzee wa Wigashe

Mjukuu wangu mleta uzi, umesema vizuri lakini umepita haraka mahali penye utamu. Umesema "vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu" ukaondoka. Acha nikusaidie.

Zamani, karne ile ya kumi na tisa, walikuwepo wacheza ngoma wawili, Ngika na Gumha. Wote wawili waganga, wote wawili wanajua mbina, yaani kucheza ngoma. Wakashindana. Wafuasi wa Ngika ndio Bagika, wafuasi wa Gumha ndio Bagalu. Ukizaliwa familia ya Kigika unacheza Kigika, huwezi kuvuka hivi hivi.

Namna ya kushindana ndiyo hii: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu upande huu na yule upande ule. Watazamaji wako katikati. Hakuna jaji wa kunyanyua karatasi. Watu wenyewe wanahama kwa miguu. Ukiona umati umekupa mgongo, umeshindwa. Kwa hiyo lazima ubuni kitu. Ndiyo maana mkaona watu wanacheza na nyoka, wengine na nungunungu, wengine wanarusha majembe juu na kuyadaka bila kukosea pigo, wanapanda, wanaigiza, kila mwaka jambo jipya. Na dawa ya kuvuta watu, samba, haikosi.

Watu wa nje wanadhani wale Bayeye wanaocheza na nyoka wanafanya maonyesho tu. Bayeye ni chama cha watu wanaojua nyoka. Mtu akiumwa na nyoka shambani alikimbizwa kwao. Kuingia kwenye chama unafundishwa mizizi, unafundishwa tabia ya kila nyoka, unafundishwa nyimbo. Chatu shingoni ndicho unachokiona wewe uliyekuja na simu.

Na bugobogobo, ile ngoma ya majembe, nayo si ngoma ya jukwaani kwa asili. Ni kazi. Vijana wamejipanga shambani, jembe linashuka na ngoma, nsumba ntale, kiongozi wa vijana, anaangalia nani analegea. Sisi tumelima hivyo. Ekari ilikuwa inaisha mtu hajahisi jua.

---

Mwana-Magu

Mzee shikamoo. Asante kwa kunisahihisha, na nakubali nilipita haraka. Wabeja sana.

Niongeze kuhusu Bulabo kwa wasioijua. Neno lenyewe ni "maua" kwa Kisukuma. Ilitokana na maandamano ya sikukuu ya Ekaristi, Mwili na Damu ya Yesu, inayoangukia kati ya mwisho wa Mei na Juni, watu wakipamba njia kwa maua. Na wakati huo mavuno ya kwetu yamekwisha, watu wana nafasi, ndio msimu wenyewe wa mbina. Fumbuka na wazee wakaviunganisha: asubuhi Misa na maandamano, baada ya hapo Bagika na Bagalu uwanjani. Kwa hiyo makumbusho yakapata siku yake kwa mwaka ambayo nyumba nzima ya Wasukuma inakuja yenyewe, haialikwi kwa kadi.

Nadhani hili ndilo lililoyafanya yasife Fumbuka alipofariki mwaka 1986. Nimeona miradi mingi ya mzungu mmoja, akifa au akirudi kwao, mlango unafungwa. Bujora ilikuwa tayari na kamati, na wachezaji, na Bulabo. Miaka ya 1990 wakaja hata watafiti kutoka Marekani wakakaa pale, wakasaidia kuweka kumbukumbu. Na Septemba 2021 macho ya nchi nzima yaligeukia Kisesa, pale Rais Samia alipohudhuria tamasha la utamaduni na machifu wakamsimika kwa jina la Hangaya, nyota ing'aayo. Uchifu uliofutwa 1963, ngoma zake zililindwa na wananchi mpaka siku ile.

---

Mtumishi wa Bwana

Ndugu mleta mada, nauliza kwa nia njema kabisa, mimi ni mwamini. Umetaja nyumba ya mganga ndani ya eneo la kanisa. Je, huku si kurudisha mambo ya mizimu tuliyoyakana kwa ubatizo? Watoto wetu tukiwapeleka pale tunawafundisha nini?

---

Mwana-Magu

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na mama yangu mzazi aliniuliza hilo hilo.

Nijibu kwa nilichokiona. Pale hakuna anayekwambia kasujudu. Unaonyeshwa nyumba, vifaa, unaelezwa mganga alifanya nini na watu walimwendea kwa shida gani: mtoto haponi, mvua haiji, ng'ombe wanakufa. Ukitoka unamjua bibi yako wa nne nyuma alikuwa anaogopa nini usiku na alitumaini nini asubuhi. Mimi sioni namna ya kumheshimu mtu huyo bila kuyajua hayo.

Pia kumbuka waliounda kamati ile walikuwa waumini. Walikuwa wanatafuta katika methali na hadithi za kwao mahali pa kusimama imani yao mpya. Chukua hadithi ya Shing'weng'we, lile zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha, akamzaa Masala Kulangwa, kijana akakua, akaliua zimwi, akalipasua tumbo, watu wote wakatoka hai. Katekista akiisimulia hiyo wakati wa Pasaka, mzee wa Kisukuma hahitaji tafsiri.

Usipokubaliana nami sitakasirika. Ila nenda siku moja ukaone kwa macho.

---

Mngoni wa Songea

Mimi nina swali jingine. Kwa nini msiikabidhi serikali? Kwetu Songea makumbusho ya Majimaji yalifunguliwa na Mwalimu mwaka 1980, na wazee wakayasimamia. Baadaye yakaingia chini ya Makumbusho ya Taifa. Sasa kuna watumishi, kuna mishahara, na tarehe 27 Februari kila mwaka nchi inakumbuka mashujaa walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mpaka pale, akakutana na ukoo wa Nduna (kiongozi wa Kingoni) Songea Mbano na kuomba msamaha. Bila dola kushika jambo lile tusingefika hapo.

---

Mhehe wa Kalenga

Naunga mkono kidogo. Fuvu la Mtwa Mkwawa liliwekwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kwamba lirudishwe, likarudi 1954 mkononi mwa Gavana Twining, na liko Kalenga. Familia peke yake isingeweza kulidai Ulaya. Lakini lilivyodaiwa miaka yote ile ni kwa sababu nyumbani hawakuacha kulitaja.

---

Mwana-Magu

Mngoni, umenipa la kufikiri na nimelala nalo.

Naona hivi. Serikali ina nguvu ya mambo mawili ambayo kamati ya kijiji haina: fedha za paa, na sauti ya kudai kilicho nje ya nchi. Hapo nakubaliana nawe bila kinyongo, na fuvu la Nduna Songea linalotafutwa ni mfano tosha. Lakini hata kwenu, nani anayejua ukoo upi ulikuwa na nduna yupi? Ni Baraza la Wazee. Tarehe 27 Februari ingekuwa sikukuu ya hotuba tupu kama wasingekuwepo wale wazee wanaosimama na ngao.

Kwa hiyo sina ugomvi na nani anashika funguo. Ugomvi wangu ni na kiti cha kamati kinapokuwa wazi. Mzee mmoja akifa, nani anakaa pale alipokuwa anakaa?

Na hapa nawageukia Wasukuma wenzangu tuliotawanyika. Tuko Katavi, tuko Rukwa, tuko Mbeya, tuko huku bonde la Kilombero, tuko mpaka Lindi. Tulifuata malisho na mashamba, na tukabeba vitu. Ninajua kaya huku Ifakara zenye vigoda, vibuyu vya dawa, ngoma za Kigalu, mapanga ya mhunzi. Watoto wa kaya hizo wanazaliwa wanasema Kiswahili na Kindamba. Sisemi vitu vipelekwe Bujora vyote, la. Nasema mambo haya yafanyike kaya kwa kaya, mwaka huu:

Chukua simu, mketishe mzee, mpe kile kitu mkononi mwake, usikiweke mezani. Mzee akikishika ataongea zaidi. Muulize kilitengenezwa na nani, kililipiwa nini, nani waliwahi kukigombea, kilihama kutoka wapi. Mwache aongee Kisukuma hata kama wewe huelewi vyote. Taja tarehe na kijiji mwanzoni mwa kurekodi. Kisha andika kwenye daftari la kawaida, kwa sababu simu zinaibiwa na kadi zinaungua.

---

Binti Nyanza

Kaka, nimesoma uzi wote tangu juzi bila kuchangia. Mimi nilizaliwa Mpanda, Bujora sijawahi kufika.

Jana jioni nilimpigia mama nikamuuliza kuhusu ile hesabu ya pipa. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema yeye haijui ya wavulana, ila bibi alimfundisha moja walipokuwa wakichota maji, na kwamba hajaitamka tangu aolewe. Akaanza. Alipofika nne akasimama, akarudi mwanzo, akaimba badala ya kusema, kumbe ilikuwa wimbo. Akafika tisa. Ya kumi ikamtoka kabisa.

Nimeziandika zote tisa, na jina la kisima. Mama amesema atampigia dada yake Bariadi kesho asubuhi kuulizia ya kumi. Nikiipata nitaileta hapa kabla sijaipeleka Bujora.